NJIA YA WAINKA KWA SIKU MOJA

Wahenga walinena, tembea uone. Leo natutembee hadi Peru, kule Amerika Kusini, tuifuate njia ya mawe iliyotengenezwa na Wainka zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Wengi huijua ile safari ya siku nne, ya kulala kwenye mahema na kupanda hadi mita 4,200, mahali ambapo kupumua tu ni kazi. Lakini ipo fupi, ya siku moja. Unapanda garimoshi pale Ollantaytambo, linaambaa na mto Urubamba, kisha unashuka Kilomita 104. Usitarajie stesheni kubwa! Unavuka mto kwa daraja la miguu, kibali chako kinakaguliwa, na mlima unaanza papo hapo. Kwenda peke yako hakuna. Ni lazima uwe na kiongozi, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo, kwa sababu miguu mingi mno huharibu mawe.

Baada ya kupanda kama saa tatu hivi juani, unafika Wiñay Wayna, maana yake "kijana milele" kwa Kiquechua. Hapa ndipo mimi ningekaa kutwa. Mlima mzima umekatwa matuta, moja juu ya jingine, na maji bado yanateremka kwenye mabirika ya mawe. Sisi hufundishwa matuta katika somo la Kilimo, lakini haya si mchezo. Chini waliweka mawe na kokoto, juu yake mchanga, halafu udongo wenye rutuba. Mvua ikinyesha maji hupenya taratibu na mlima hauporomoki. Tena kuta za mawe hushika joto la mchana na kuyakinga mazao na baridi ya usiku.

Utauliza, mbona njia ina ngazi tupu? Ni kwamba Wainka hawakuwa na farasi wala magari ya magurudumu. Mizigo ilibebwa na watu na wanyama waitwao llama, na ujumbe ulipelekwa na matarishi waliopokezana mbio.

Mbele kuna ngazi kali, hata wengine huzikwea kwa mikono. Kisha Inti Punku, Lango la Jua, na Machu Picchu yote iko chini yako.

Vitabu vingi husema ati Hiram Bingham, Mmarekani, aliugundua mji huo mwaka wa 1911. Hapo mimi nakataa. Alikuta wakulima wakilima kwenye matuta yale yale, na aliyemzungusha magofuni alikuwa mtoto wa mmoja wao, mdogo kuliko sisi wa kidato cha tatu. Hata hivyo, ukishuka kwa basi hadi Aguas Calientes, barabara ile ya kona kona inaitwa Hiram Bingham, si jina la yule mtoto.