MGONGO WA UBAO WA GITAA

Ndugu wasomaji, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha kuondoka shuleni, bila shaka mwalikumbuka gitaa la kikundi chetu cha muziki. Wengi wenu mmejifunzia hilo hilo. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, ule ubao mweusi wa shingo, yaani ubao tunaoukandamiza kwa vidole, ulipasuka. Joto la bonde letu la Bugarama mwalijua. Huku tuko chini kuliko karibu sehemu zote za Rwanda, hatufiki hata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na gitaa lililokaa siku nyingi Kamembe kwenye ubaridi likiletwa huku hukauka, na mti ukikauka husinyaa. Ufa ulianza kwenye freti ya 5 ukashuka hadi ya 9. Nyuzi zikawa zavuma kama nyuki, na kikundi kikabaki na ngoma tu. Gitaa jingine hatuna.

Tuliamua kuuondoa ubao ule na kuweka mwingine. Kuuondoa si kazi kubwa: pasi ya moto huwekwa juu yake mpaka gundi ilainike, kisha kisu chembamba huingizwa polepole. Kazi ni kutengeneza ubao mpya. Nimeombwa na wenzangu nieleze tulivyofanya, kwa maana wengi walikuja karakana wakatukuta twapiga hesabu wakadhani tumehamisha darasa.

Kwanza yafaa tujue kwamba ubao huo si bapa. Lishike gitaa la nyuzi za chuma, ulitazame kutoka kichwani kama mtu apimaye kwa jicho unyofu wa boriti. Utaona ubao una mgongo, kama barabara iliyojengwa vizuri ili maji ya mvua yamwagikie pembeni. Gitaa la nyuzi za nailoni, lile la kizungu cha zamani, kwa kawaida ubao wake ni bapa. Inanga yetu ya Rwanda haina taabu hiyo, kwani haina shingo wala freti. Lakini gitaa la chuma latakiwa mgongo kwa sababu ya mkono wa mwanadamu. Kidole cha shahada ukikilaza juu ya nyuzi zote sita kwa pamoja, hakikai sawasawa kama rula. Kina mapindo yake. Mgongo wa ubao hukikuta kidole kilipo, nacho hakichoki upesi. Wale wafuasi wa Mwenda Jean Bosco, yule mwana wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, sasa Likasi, watanielewa. Jaribu kupiga mtindo ule nusu saa nzima juu ya ubao usiokufaa, kisha uniambie habari za kiganja chako.

Mgongo huo hupimwa kwa nusukipenyo cha duara. Fikiri duara kubwa, na ubao wa gitaa ni kipande kidogo cha ukingo wake. Duara likiwa dogo, mgongo huwa mkali. Likiwa kubwa, mgongo hulala. Magitaa ya umeme ya Fender ya miaka ya 1950 yalikuwa na nusukipenyo cha milimita 184. Gibson hutumia 305, na Martin, ambao ni mafundi wa magitaa yasiyo ya umeme, 406. Mgongo mkali ni mtamu kwa kulaza kidole, lakini mpigaji akiuvuta uzi pembeni ili sauti ipande, uzi hugusa freti za mbele na sauti hufa. Kila fundi huchagua apendavyo. Ubao wetu uliopasuka tuliupima kwa kipande cha karatasi ngumu tukaona ni 305.

Sasa, mgongo huo ni mkubwa kiasi gani? Hapa ndipo hesabu ya darasani ilipotufaa. Chukua nusu ya upana wa ubao, uizidishe kwa yenyewe, kisha ugawanye kwa nusukipenyo mara mbili. Jibu ni kiasi ambacho kingo za ubao zatakiwa kuwa chini kuliko katikati. Ubao wetu kichwani una upana wa milimita 43. Nusu yake ni 21.5, mara 21.5 ni 462.25, gawanya kwa 610: tunapata 0.76. Upande wa tumboni upana ni 56, na jibu ni karibu 1.29. Basi fikirini wenyewe. Tofauti yote kati ya gitaa jema na gitaa baya imo ndani ya milimita moja na robo, nayo sharti iwe sawa kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, urefu wa nusu mita karibu.

Mafundi wa zamani hufanya kazi hiyo kwa randa na msasa. Mzee mmoja fundi seremala, jirani ya shule, alituonyesha. Alipitisha randa pembeni, akageuza, akapitisha tena karibu na katikati, akawa anaangalia mwanga chini ya kigezo cha bati. Kwa robo tatu ya saa alikuwa amemaliza kibao cha libuyu, nacho kilikuwa safi. Sisi tulijaribu siku mbili. Cha kwangu kilikuwa na mgongo wa samaki upande mmoja na mgongo wa ngamia upande wa pili. Mzee alicheka, akasema mkono wake una miaka 40 ndani ya randa, na wa kwangu una wiki moja. Ndipo tukaamua kutumia rauta.

Rauta ni mashine ndogo ya umeme ishikwayo kwa mikono miwili. Ina mota, na chini yake kisu kinachozunguka mara maelfu mengi kwa dakika. Yenyewe haijui kitu. Hukata pale inapopelekwa. Kwa hiyo huundiwa kiunzi cha kuiongoza, ambacho mafundi hukiita jigi. Jigi yetu ni hivi. Juu ya ubao mnene ulionyooka tulisimamisha madaraja mawili ya tripleksi, moja kila mwisho, na kibao cha gitaa kikawa katikati yao, kimegandishwa kwa utepe wenye gundi pande mbili. Madaraja hayo yamekatwa juu kwa umbo la tao. Juu ya matao tuliweka kitanda cha reli mbili za chuma cha mraba, kama zile za kutengenezea madirisha, zimeunganishwa ncha zake. Rauta hukaa juu ya reli na kwenda kwa urefu, kutoka kichwa hadi tumbo, ikikata mchirizi mmoja mwembamba. Ikifika mwisho, kitanda husogezwa kidogo upande juu ya matao, rauta hurudi, na mchirizi wa pili hukatwa kando ya wa kwanza. Kwa kuwa kitanda chapanda na kushuka juu ya tao, kisu nacho chapanda na kushuka, na ubao huvaa mgongo ule ule.

Ule ule? Hapo ndipo tulipojikwaa. Tulichora matao kwa nusukipenyo cha 305, kwa maana ndicho tulichokitaka. Bikari ya shule haifiki huko, kwa hiyo tulitumia ufito wenye msumari ncha moja na tundu la penseli ncha ya pili. Tulikata vizuri sana. Kibao cha kwanza cha libuyu kilitoka kinang'aa, tukakipima: 280. Tukapima tena: 280. Mwenzangu mmoja alisema rula imeharibika. Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia.

Sababu yake ni nyepesi mtu akishaiona. Kilele cha tao kilikuwa juu ya kilele cha kibao kwa milimita 25, ili reli zipite bila kugusa mti. Kitu kizima, yaani kitanda pamoja na rauta, huzunguka kitovu kimoja, na kitovu hicho kiko milimita 305 chini ya kilele cha tao. Kutoka kitovu hicho hadi ncha ya kisu ni 305 kutoa 25, yaani 280. Duara la tao na duara la ubao sharti yawe na kitovu kimoja, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, na lile la nje lazima liwe kubwa. Basi tao latakiwa 305 kuongeza 25, yaani 330. Mtaniuliza, je, 280 badala ya 305 ni kosa kubwa? Katika upana wa milimita 56 ni kosa la sehemu moja tu ya kumi ya milimita pembeni. Lakini freti ni chuma, nasi tulikuwa tumekwisha kuzipinda kwa 305. Zilipogongwa ndani ya mifereji yake, ncha zake zilisimama juu ya mti, na ukucha uliingia chini yake. Freti ya namna hiyo haina sauti, hugugumia. Tukakata matao mapya.

Kwa ubao wa kweli yule Mzee alitupa kipande cha mpingo. Mti huu sharti nieleze kidogo. Mpingo humea Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine za Afrika zenye ukame. Ni mzito hata huzama majini, na mafundi wa Ulaya hutengenezea zumari zao za klarineti na obo. Huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Tangu tarehe 2 Januari 2017 miti yote ya jamaa yake imeandikwa katika mkataba wa kimataifa uitwao CITES, na kuivusha mipaka kwataka hati. Kipande cha Mzee alikuwa amekinunua zamani na kukiweka darini miaka 11 akingoja kazi ya kukistahili. Alitukabidhi bila kusema neno, nasi tulielewa.

Kwenye libuyu tulikuwa tumezoea kukata kina chote mara moja. Jumamosi ile tulikuwa na haraka, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika asubuhi nzima na jua lilikuwa limekwisha kugeuka. Nilishika rauta mimi. Katikati ilikwenda vema. Nilipofika ukingoni, upande wa uzi mnene, niliisukuma rauta kuelekea kule kule kisu kinakozungukia, na kwa kina cha zaidi ya milimita moja. Rauta ilikimbia mikononi mwangu kama mbuzi aliyekatika kamba, na nikasikia mlio kama wa kuni kavu. Kibanzi chenye urefu wa kidole kilikuwa kimeng'oka kutoka ukingo wa mpingo. Nilizima mashine. Hakuna aliyesema kitu. Nilikwenda kwa Mzee mwenyewe, nikiwa nimekishika kile kibao, nikamweleza yote. Alikigeuzageuza, akauliza, "Na kibanzi kiko wapi?" Nikasema nadhani kimo ndani ya vumbi. Akasema, "Basi kakitafuteni."

Tulichekecha vumbi la karakana nzima kwa chekecheo la unga, tukakipata saa moja ya usiku. Mzee alikirudisha mahali pake kwa gundi na vumbi la mpingo wenyewe, akakifunga kwa kamba ya mpira hadi kesho yake.

Basi mwenye kutaka kujaribu na ayashike haya. Isukume rauta kinyume cha mzunguko wa kisu, ili kisu kikupinge kidogo, kikikuvuta umekosea. Usikate zaidi ya nusu milimita kwa mara moja. Pembeni mwa ubao, pande zote mbili, gandisha fito za mti mwororo zilizo sawa nao kwa urefu na unene, ili kisu kitokapo kwenye mpingo kikute mti mwingine wa kuushikilia ukingo. Sisi tuliziweka baadaye, wakati zilipokuwa hazina budi kuwapo mapema. Mifereji ya freti ikatwe kwa msumeno kabla ya kuuchonga mgongo, wakati ubao ungali bapa, kwani ni rahisi kupima. Na funika pua na mdomo. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, na mwenzetu mmoja alipiga chafya siku tatu.

Kisu cha rauta kina kitako bapa, kwa hiyo kila mchirizi ni bapa kidogo, na ubao hutoka kama paa la mabati lililolala sana. Msiogope. Tulisogeza kitanda milimita 6 kila mara, na kwa hesabu ile ile ya kwanza matuta hayo hayazidi sehemu mbili za mia za milimita. Kipande cha mti kilichochimbwa kwa nusukipenyo cha 305, kikavikwa msasa, kiliyamaliza kwa dakika chache. Ubao ukagandishwa, freti zikagongwa, na safari hii ukucha haukupata pa kuingia.

Gitaa limerudi kwenye kikundi. Madaraja yametundikwa karakana, yameandikwa 330 kwa kalamu nyekundu, na yale ya kwanza tumeyaacha kando yao na 305 yake imepigwa mstari. Ninyi wakubwa zetu mkija kututembelea, ombeni mlipige. Mkipitisha kidole gumba ukingoni, upande wa uzi mnene, karibu na freti ya 14, mtaligusa kovu. Kwa macho halionekani.