Ada ya Kuonyeshwa Nyumba

Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga jijini Nairobi hukutana kwanza na dalali, na kabla mlango haujafunguliwa hutakiwa kutoa ada ya kuonyeshwa. Aipende nyumba, asiipende, pesa hiyo hairudi.

Hapo, wasikilizaji, ndipo penye ila. Anayelipwa kwa kuonyesha hana haraka ya kupangisha. Nyumba moja mbovu, isiyo na maji, yaweza kumlisha mwezi mzima maadamu hatokei mtu wa kuichukua! Lakini anayelipwa kamisheni baada ya mkataba kutiwa sahihi hupoteza siku yake kila akupelekapo mahali pasipokufaa. Huyo atakuuliza mapema uwezo wako, idadi ya watoto na mahali unapofanyia kazi.

Sheria ya Kenya kuhusu mawakala wa nyumba na ardhi ni ya mwaka 1984. Iliunda bodi ya kuwasajili, ikadai wawe na ujuzi unaotambuliwa, na ikafanya kuwa kosa kuifanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Fedha za mteja nazo hukaa katika akaunti yake mbali, zisichanganywe na za wakala. Yule aliyebandika nambari ya simu kwenye nguzo ya stima mara nyingi hayumo katika daftari la bodi.

Basi akikudai amana ya nyumba, mwombe kwanza cheti cha usajili na nambari ya akaunti ya wateja. Aliyesajiliwa atavitoa bila kununa. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba anangojewa mtaa wa pili.