Bloku ya zamani kwenye gari ya tabo: usiulize tu kama inaingia

Kuna swali linanifuata kila kijiwe: "Subaru yangu ya tabo imenoki. Fundi kasema kuna bloku ya zamani ya EJ20, bei chee, inaingia bila shida. Niweke?"

Ukweli usemwe: inaingia. Injini za EJ zilianza na Legacy mwaka 1989, na zile za lita 2 zina silinda ya milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75, ziwe na tabo au hazina. Ndo maana fundi anakuwa na uhakika. Ila kuingia ni kitu kimoja, kudumu ni kingine.

Mchawi ni mgandamizo. EJ205 ya tabo inabana hewa mara 8 au 9, kutegemea toleo. EJ20 isiyo na tabo nyingi zinabana karibu mara 10, kwa sababu hakuna kinachoisukumia hewa. Sasa chukua bloku hiyo na pistoni zake, halafu fungia tabo. Hewa inabanwa na tabo, inaingia kwenye silinda, inabanwa tena kupita kiasi. Joto linapanda mpaka mafuta yanajilipukia yenyewe badala ya kuungua taratibu kutoka kwenye plagi. Injini inaanza kugonga. Kompyuta ya gari inajitahidi kurudisha taimingi nyuma, lakini imepangwa kwa injini iliyotoka nayo kiwandani, sio hiyo.

Jamaa yangu mmoja alifungiwa hivyo kwenye Forester. Wiki ya kwanza gari tamu, anatamba nayo mtaani. Kupandisha Kitonga na mzigo, pistoni ikapasuka. Hela yenyewe alikopa kwenye kikundi, na marejesho yanaendelea mpaka leo wakati gari iko juu ya mawe.

Je, bloku ya zamani ni mbaya siku zote? Hapana. EJ20G za tabo za mwanzo wa miaka ya 90 zina deki iliyofungwa, yaani juu ya silinda pameungana na ukuta wa bloku, hazitikisiki. EJ205 iliyokuja baadaye ina deki wazi. Kwa hiyo usiangalie umri, angalia bloku ilizaliwa kwa kazi gani.

Kabla hujatoa hela:

1. Soma namba ya injini kwenye bloku yenyewe, usiamini maneno ya muuzaji.
2. Kama pistoni ni za injini isiyo na tabo, zitolewe, ziwekwe za tabo.
3. Krenki iendane na bloku. Beringi inayozuia krenki isiende mbele na nyuma ilihamishwa kwenye EJ za baadaye, usichanganye.
4. Sensa ya kugonga ifungwe na ifanye kazi. Fundi akisema "sio lazima", ondoka.
5. Namba ya injini ikibadilika, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe, la sivyo siku ya kuuza utahangaika.

Ukijumlisha pistoni, gasketi na ufundi, mara nyingi ile bei chee inakaribia bei ya injini nzima ya tabo iliyotumika. Piga hesabu kwanza ndugu yangu.

Haya, mafundi na wenye Subaru, mwageni uzoefu wenu hapo chini.