Mbwa akisifiwa kanona, mpapase mbavu kwanza

Mgeni akifika uani huko Chiungutwa, wilayani Masasi, kitu cha kwanza kumpokea mara nyingi ni mbwa. Na mbwa huyo akiwa amejaa shingo, mgongo bapa kama kigoda, anainuka kwa kujivuta kutoka chini ya mkorosho, mgeni husema, "Huyu kanona! Hapa kweli kuna chakula." Mama mwenye nyumba hucheka kwa kuridhika. Watoto nao hujisikia vizuri, kwa sababu wao ndio wanaomlisha. Hakuna anayeuliza kwa nini mbwa anahema hivyo na alikuwa amelala tu.

Lugha yetu nayo imechangia. Mtu hunenepa, mnyama hunona. Kunona ni sifa: mbuzi aliyenona, jogoo aliyenona, yaani mnyama aliye tayari kwa kisu. Lakini mbwa hasubiri kisu. Kazi yake ni kulinda nyumba, kukimbiza ngedere shambani na kucheza na watoto, na mafuta yanayomsaidia mbuzi kupata bei nzuri hayamsaidii mbwa kwa lolote.

Wapo watakaosema habari hii ni ya Masaki, si ya Masasi. Wana sehemu ya haki. Mbwa wengi wa vijijini, Masasi kwenyewe na juu kule Newala, ni wembamba, na tatizo lao ni kukosa chakula. Lakini tembea mtaa mmoja kwa uangalifu utawaona wale wengine. Yuko anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu. Yuko wa nyuma ya banda la mama lishe, ambaye kila sahani inayobaki humwagiwa yeye. Yuko mzee wa miaka tisa ambaye bado anapewa bakuli la enzi za ujana. Na yuko dume lililohasiwa. Baada ya kuhasiwa mwili wa mbwa huhitaji chakula kidogo kuliko mwanzo huku hamu ya kula ikiongezeka, na ni wenye mbwa wachache wanaokumbuka kupunguza.

Kwa mbwa wa namna hii, unene si suala la sura. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza hasa kwa kuhema. Tabaka la mafuta humzuia kupoa, na jua la Masasi la mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea, linaweza kumwangusha. Magoti na nyonga huumia mapema. Zipo pia takwimu za umri. Nchini Marekani kampuni ya Purina iliwafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliozaliwa nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi takriban miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Miaka miwili kwa mtoto wa darasa la tatu ni mingi. Ni tofauti ya kumzika rafiki yake akiwa bado shule ya msingi, au kuwa naye hadi sekondari.

Kumpima hakuhitaji daktari wala mashine. Kunahitaji mkono.

Mwite mbwa, msimamishe, weka viganja pande zote mbili za kifua chake, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha papasa bila kubonyeza. Sasa linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Nyoosha mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja, pale mifupa inaposikika chini ya ngozi nyembamba: hapo ndipo mbwa mwenye afya anapopaswa kuwa. Geuza kiganja, papasa nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ukizihisi mbavu kama unavyouhisi mfupa hapo, yaani mpaka ubonyeze, mbwa amezidi.

Baada ya hapo simama juu yake, umtazame mgongoni. Mbwa mwenye uzito mzuri ana kiuno. Mwili huingia ndani kidogo baada ya mbavu. Aliyezidi amenyooka kama gunia, au amefutuka pembeni. Kisha chuchumaa umtazame kwa ubavuni. Tumbo linapaswa kupanda kutoka kifuani kuelekea miguu ya nyuma. Likienda sawa na ardhi, au likining'inia, hiyo ni dalili. Mwisho gusa shina la mkia. Pakiwa na kinundu laini cha mafuta, mambo yamekwenda mbali.

Madaktari wa mifugo duniani hutumia ngazi za 1 hadi 9 kwa kipimo hiki. Ngazi ya 4 na 5 ndiyo njema, 1 ni mifupa mitupu, 9 ni hatari. Kila ngazi moja juu ya 5 huhesabiwa kuwa takriban asilimia 10 ya uzito uliozidi. Kwa hiyo mbwa wa ngazi ya 7 mwenye kilo 22 alipaswa kuwa na kilo 18 hivi. Ikumbukwe kwamba mbwa wetu wa kienyeji kwa maumbile ni mwembamba wa kiuno na mrefu wa miguu. Kuonekana kwa mbavu mbili tatu za mwisho anapogeuka si njaa. Wazazi wengi wakimwona hivyo humwongezea ugali, kumbe yuko sawa kabisa.

Hapa kuna mtego mmoja ambao umewaponza wengi. Tumbo kubwa si lazima liwe unene. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kama ngoma huku mbavu na uti wa mgongo vinahesabika ana minyoo, na kumpunguzia chakula ni kumuua taratibu. Jike lililojaa tumbo ghafla huenda lina mimba. Mbwa hubeba kwa muda wa siku 63 hivi, na mwenye nyumba hushtukia chuchu zikivimba. Tumbo linalojaa maji kwa mbwa mzee, tena akiwa anapungua mgongoni, ni ugonjwa. Ndiyo maana mkono uanzie mbavuni, si tumboni. Mbavu zikisikika kirahisi na tumbo ni kubwa, acha habari ya chakula, mtafute afisa mifugo wa kata.

Mbavu zikiwa zimefunikwa kweli, basi ni suala la uzito, na uzito hupimwa. Njia rahisi ni mizani ya kusimama, ile ya bafuni au ya zahanati. Mtu mzima ajipime peke yake, kisha ajipime akiwa amembeba mbwa, atoe. Asiyekuwa nayo ana mizani nyingine inayojulikana sana ukanda huu, ile ya kuning'iniza inayopimia korosho. Mbwa hatundikwi kamba shingoni, la hasha. Hukalishwa ndani ya gunia safi au kikapu imara, kichwa nje, dakika moja tu. Watoto hufurahia siku hiyo kuliko Krismasi au Idi.

Kinachofuata ndicho kigumu, nacho ni kujua mbwa anakula nini hasa. Ukimuuliza mama atasema, "Ugali jioni, basi." Hasemi uongo, hiyo ndiyo sehemu anayoiona. Lakini asubuhi baba ametupa kipande cha chapati. Saa nne bibi amekuna sufuria na kumpa ukoko. Watoto wametoka shule, kila mmoja ana chake. Mdogo kabisa hapendi kisamvu, kwa hiyo kisamvu chenye karanga na nazi kinapita chini ya meza. Wakati wa kubangua, korosho zilizovunjika zinaishia mdomoni mwa mbwa kwa sababu anatazama kwa huruma. Gramu 100 za korosho zina kilokalori zaidi ya 550. Mbwa wa kilo 18 anayepaswa kupungua anahitaji karibu 610 tu kwa siku nzima.

Ushauri wa kwanza basi ni kuandika. Siku tatu, karatasi ukutani jikoni, kila anayempa mbwa chochote aandike. Ukweli ukiwa ukutani, ugomvi huisha wenyewe.

Baada ya hapo ni kupunguza, na hapa wenye nyumba huteleza kwa kufanya haraka. Kumnyima mbwa ghafla si dawa. Mbwa mwenye njaa hakai nyumbani. Anakwenda jalalani, anakula mayai ya jirani, anapigwa mawe au anawekewa sumu. Akizurura anakutana na mbwa asiyejulikana, na huko ndiko kichaa cha mbwa kinakopatikana. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwamo katika kampeni kubwa ya kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania kati ya 2010 na 2015, iliyoratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Haikufanyika kwa mapambo. Ugonjwa huo ukishaanza kuonesha dalili kwa mtoto hauna tiba. Kwa hiyo lengo ni mbwa apungue huku ameshiba.

Mwendo unaofaa ni kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Mbwa wa kilo 22 apungue gramu 220 hadi 440, si zaidi. Kufika kilo 18 kutachukua miezi mitatu au minne. Mzazi anayetaka matokeo kabla ya mwezi kuisha atamkosea.

Kwenye bakuli, kinachopungua kwanza ni wanga. Mbwa wengi hupewa ugali mtupu uliolowekwa mchuzi, na mchuzi wenyewe una mafuta: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kilokalori 120 hivi. Kwa mbwa huyu wa kilo 18, unga wa mahindi kama gramu 100 kwa siku, upimwe ukiwa mkavu kabla ya kupikwa, unatosha. Ni kama kilokalori 360. Aongezewe dagaa wakavu gramu 50, waoshwe na kulowekwa kama wana chumvi. Dagaa wana protini inayolinda misuli wakati mafuta yanapungua, na mifupa yao midogo humpa madini ambayo ugali hauna. Nafasi iliyobaki bakulini ijazwe boga lililochemshwa bila mafuta wala sukari, au mchicha. Boga hujaza tumbo kwa kilokalori chache, na mbwa wengi hulipenda. Ni hesabu ya kuanzia tu: baada ya wiki mbili mizani itasema kama iongezwe au ipunguzwe.

Chakula kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni, kwa kipimo kilekile kila siku, iwe kikombe au upawa. Bakuli liondolewe baada ya robo saa. Maji yabaki, safi na muda wote, hata kwa walio juu ya nyanda za Makonde ambako ndoo ya maji ina thamani yake. Mbwa aliyefungwa afunguliwe kutembea, alfajiri au jua likishapoa, dakika 15 mwanzoni. Kumkimbiza mbwa mnene saa sita mchana ni kumtafutia kifo.

Vipo vitu vya kutoa kabisa. Vitunguu vya aina zote huharibu damu ya mbwa, vibichi na vilivyopikwa, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani si wake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali na kutoboa utumbo. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayounguza, kama kila mbanguaji anavyojua kwa vidole vyake. Muhogo mchungu ambao haujaandaliwa vizuri humdhuru yeye kama unavyomdhuru mtu.

Kazi ngumu kuliko zote inabaki kuwa mtoto. "Mama, ananitazama tu," atasema, na ni kweli, mbwa anajua kutazama. Kumfokea mtoto hakusaidii, kwani kwake kulisha ndiko kupenda, na amejifunza hilo kwetu. Afadhali apewe mamlaka. Asubuhi apimiwe kibakuli kidogo cha vipande vya boga, au dagaa sita waliotolewa kwenye kile cha siku, aambiwe hicho ndicho chake cha kumpa rafiki yake mpaka jioni, akitaka ampe vyote mara moja, akitaka ampe kimoja kimoja. Kikiisha kimeisha. Bibi naye aambiwe, kwa heshima na bila wajukuu kusikia, kwamba ukoko sasa unakwenda kwa kuku.

Kama miezi miwili imepita, karatasi iko sawa na mizani haisogei, mbwa amwone mtaalamu, kwa sababu yapo maradhi ya tezi yanayomnenepesha mbwa bila kula. Safari hiyo hiyo itumike kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mara nyingi hutolewa kuzunguka Septemba 28, siku ya kimataifa ya ugonjwa huo. Kadi ya chanjo ina nafasi nyuma; uzito wa siku hiyo uandikwe hapo, kwa kalamu, na tarehe yake.