Tumchekaye Hatumsikilizi

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo ilinijia akilini hivi majuzi nilipoketi na wanafunzi wangu wa somo la pragmatiki kuitazama filamu moja ya Kikorea inayohusu zimwi. Nia yangu ilikuwa kuwaonyesha jinsi maana ya usemi inavyotegemea hadhi ya msemaji. Hata hivyo, filamu ilipokwisha, mjadala uliozuka darasani haukuwa juu ya zimwi wala juu ya pragmatiki. Ulikuwa juu ya kicheko: je, ni haki kumchekesha mtazamaji mahali ambapo mtoto amekufa?

Filamu yenyewe si mpya. Mwelekezi wake ni Bong Joon-ho, na ilitoka mwaka 2006. Nchini Korea Kusini ilitazamwa na watu wapatao milioni 13, idadi ambayo hakuna filamu nyingine nchini humo iliyokuwa imeifikia wakati huo. Huyu Bong ndiye ambaye mwaka 2020 filamu yake Parasite ilitunukiwa tuzo kuu ya Oscar, ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata heshima hiyo. Kwa Kikorea filamu ninayoizungumzia inaitwa Gwoemul, yaani zimwi au dubwana. Katika Kiingereza iliitwa The Host, jina lenye maana mbili: mwenyeji apokeaye wageni, na pia kiumbe abebaye vijidudu vya maradhi mwilini mwake.

Kisa kinaanzia katika chumba cha maiti cha kambi ya jeshi la Marekani jijini Seoul. Mkubwa mmoja Mmarekani anamwamuru msaidizi wake Mkorea amwage chupa tele za dawa ya kuhifadhia maiti katika sinki. Msaidizi anajaribu kumweleza kwamba sumu hiyo itaishia katika mto Han. Mkubwa anamjibu kwamba mto huo ni mpana sana, basi na wao wawe na mawazo mapana. Tukio hili halikubuniwa tu. Kisa cha namna hiyo kilitokea kweli katika kambi ya Yongsan mwaka 2000, na kiliwaghadhabisha Wakorea wengi. Katika filamu, miaka michache baadaye, dubwana linaibuka mtoni mchana peupe, linawashambulia watu waliokuwa wakipumzika ukingoni, na kumbeba msichana wa shule aitwaye Hyun-seo. Baba yake, Gang-du, ni mtu mzembe mwenye usingizi mwingi anayeuza vitafunio katika kibanda cha babake kando ya mto.

Wanafunzi wangu waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisema kwamba mwelekezi alikosa adabu. Walitaja hasa pale familia inapoomboleza katika ukumbi uliojaa picha za waliokufa. Baba wa marehemu, babu, ami na shangazi wanalia, wanasukumana, kisha wanaanguka wote wanne na kugaagaa sakafuni huku wapiga picha wakiwamulika. Punde si punde anaingia afisa aliyevaa mavazi ya manjano ya kujikinga na maradhi; naye anateleza na kuanguka chali. Darasa zima liliangua kicheko. Baadhi waliona aibu baadaye, wakamlaumu aliyewachekesha.

Kundi la pili lilikuja kwa ajili ya dubwana. Hawa walilalamika kwamba lilionyeshwa mapema mno, na kwamba msichana alipaswa kuokolewa. Kundi la tatu lilishikilia kwamba filamu hii ni siasa tupu: jeshi la kigeni, serikali inayodanganya, na virusi vinavyotangazwa ilhali havipo. Hawa walikumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyoishi tangu Machi 2020, tukiwa na barakoa usoni na hofu moyoni, tukamtupia jicho kila aliyekohoa. Katika filamu mna mtu anayekohoa penye kivuko cha barabara, akatema mate katika dimbwi. Gari linapopita na kuyarusha maji hayo, watu wanatawanyika kama kuku walioona mwewe. Wakicheka pale, wanafunzi hao walijicheka wenyewe.

Msichana mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote ndiye aliyenifumbua macho. Alisema kwamba katika mazishi ya babu yake, ami zake wawili walinyang'anyana kipaza sauti mbele ya jeneza mpaka waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuchekesha. Huzuni ilikuwa ile ile. Nami nilimwongezea kwamba miongoni mwa jamii nyingi za Tanzania, mtani hupewa ruhusa ya kufanya mzaha matangani, hata kumwiga marehemu, na wafiwa hawamwoni kuwa mkosefu wa adabu. Wanafasihi wana istilahi yao, tanzia-ramsa, lakini watu walicheka na kulia pamoja kabla istilahi hiyo haijabuniwa.

Hata hivyo, naamini filamu hii inakwenda mbali zaidi ya hapo. Itazameni tena kwa makini, mtaona kwamba kosa linalotuchekesha ndilo linaloua. Mwanzoni Gang-du anamla mguu ngisi wa mteja, nasi tunamcheka kwa ulafi wake. Mara dubwana linatokea. Gang-du anamshika binti yake mkono, wanakimbia. Anapogeuka anakuta kwamba aliyemshika ni mtoto wa mtu mwingine. Baadaye anampa babake bunduki akiamini kwamba imesalia risasi moja. Alikosea kuhesabu. Mzee anasimama mbele ya dubwana, anafyatua, na bunduki haina kitu. Uzembe ni ule ule tuliouchekea kibandani. Safari hii unamgharimu mzee maisha yake.

Kibaya zaidi, kicheko kinatufundisha kutomsikiliza Gang-du. Usiku mmoja anapokea simu ya Hyun-seo: yu hai, amefungiwa katika mfereji mkubwa wa maji machafu. Anapojaribu kuwaeleza wakubwa, maneno yanamponyoka. Anasema kwamba binti yake ni marehemu lakini hajafa. Katika orodha ya serikali Hyun-seo ni marehemu, na katika mfereji anapumua. Kauli hiyo ni ya kweli tupu, lakini kwa kuwa anayeisema ni Gang-du, inachukuliwa kuwa ni ya mwendawazimu. Baadaye, akiwa amefungwa katika meza ya matabibu, analia akiomba asikatizwe, kwani maneno yake nayo ni maneno. Daktari Mmarekani anamnong'oneza mkalimani kwa Kiingereza kwamba hakuna virusi vyovyote. Gang-du, ambaye hakuna aliyedhani kwamba ana sikio la Kiingereza, anaielewa siri hiyo. Hata hivyo wanamtoboa kichwa.

Wanafunzi walicheka pale pa "marehemu lakini hajafa". Nami nilicheka. Kisha kicheko kikanikwama kooni, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sijapata kulisimulia mbele ya darasa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo, mzee mmoja alifika ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombaomba maneno, na kofia yake ameishika mkononi. Alisema, "Jina la mtoto halipo, lakini mtoto yupo." Karani alinitazama, nami nikamtazama karani, tukacheka. Tulimwambia arudi na barua. Kumbe jina la binti yake lilikuwa limefutwa kimakosa katika orodha ya watahiniwa, na binti mwenyewe alikuwa nje ya mlango akilia. Mzee hakurudi. Msichana aliukosa mtihani, akapoteza muhula mzima. Miye ninayefundisha kwamba sentensi haipaswi kuhukumiwa kwa lafudhi ya msemaji, niliihukumu sentensi iliyokuwa sahihi kwa kila hali, kisarufi na kimaana.

Kwa hivyo siwaungi mkono wale wanaosema kwamba kicheko kinaiharibu filamu hii. Kama ingekuwa tanzia ya mfululizo, tungemhurumia Gang-du tangu mwanzo, na huruma hiyo isingetugharimu lolote. Bong anatufanya kwanza tuwe kama wakubwa wale: tumdharau, tumcheke, tumpuuze. Ndipo anapotuonyesha kwamba aliyekuwa na habari za kweli ni yeye peke yake. Kuhusu mwisho, ambao kundi la pili lilitaka ubadilishwe, ninasema uachwe ulivyo. Hyun-seo anatolewa kinywani mwa dubwana akiwa amekwisha kufa, lakini amemkumbatia mvulana yatima ambaye bado anapumua. Kama wangelisikilizwa mapema, pengine wangetolewa wote wawili.

Walimu wenzangu, kila darasa lina Gang-du wake. Ni yule anayesinzia nyuma, ambaye kila akifungua kinywa wenzake huanza kucheka kabla hajamaliza, nasi huwasaidia kwa kutabasamu. Nanyi wanafunzi mnamjua kwa jina. Siku atakapokuwa na jambo zito la kusema, atalisema kwa ulimi ule ule tuliouzoea kuucheka.

Filamu inamalizika usiku, theluji ikianguka. Gang-du na yule mvulana wanakula chakula cha jioni kibandani. Katika televisheni wakubwa wanatangaza matokeo ya uchunguzi wao. Gang-du ananyoosha mguu, anaizima, na kuendelea kula.