Kiti cha Karani wa Hesabu

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na maombi yakapita 130,000. Mjadala uliofuata ulihusu wingi wa vijana na uchache wa ajira, na ulistahili kuwapo. Nyuma ya umati ule, hata hivyo, kuna kundi ambalo shida yake haiishii kwenye urefu wa foleni. Ni vijana wenye astashahada ya uhasibu, au cheti cha ATEC cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), wanaosaka kazi yao ya kwanza. Kazi waliyosomea, yaani ukarani wa hesabu, imekuwa ikifutika kwa takriban miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kusimama hadharani kuitangazia msiba.

Kazi hiyo ilikuwa na historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa, na katika miaka iliyofuata mashirika ya umma yakaongezeka mpaka kupita 400. Kila shirika lilihitaji vitabu vya hesabu, na wahasibu wazalendo walikuwa wachache mno. Shirika la Ukaguzi, TAC, likaundwa mwaka 1968. Mwaka 1972 zikatungwa sheria mbili, moja ya kuanzisha NBAA na nyingine ya kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Mpango ulikuwa wazi hata kwa mzazi asiyejua uhasibu ni nini: kijana amalize kidato cha nne, aajiriwe kama karani, afundishwe na waliomtangulia, kisha afanye mitihani ya Bodi ngazi kwa ngazi huku anapokea mshahara. Wahasibu wakuu wengi wa kizazi kile walianzia hapo.

Tuangalie karani yule alikuwa anafanya nini hasa, kwa sababu ndani ya utaratibu ule mkavu ndimo mafunzo yalimokuwa. Vocha ya malipo ilimfikia mezani ikiwa na viambatanisho vyake: hati ya kuagizia bidhaa, ankara ya muuzaji, hati ya kupokelea mali yenye saini ya boharia. Alilinganisha kiasi kwa kiasi, akaingiza kwenye daftari la fedha, kisha kwenye leja. Mwisho wa mwezi alikaa na taarifa ya benki kufanya usuluhisho, akitia tiki kwa penseli kila muamala uliolingana na kuandika pembeni hundi ambazo hazijafika benki. Urari ukikataa kulingana, mkubwa wake hakumwonyesha kosa, alimwonyesha namna ya kulitafuta. Tofauti ni shilingi 9,000? Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, tafuta tarakimu zilizopishana nafasi, kama 54,000 iliyoandikwa 45,000. Ikikataa hapo, igawe kwa 2, halafu tafuta nusu hiyo, huenda imeingizwa upande wa debiti badala ya krediti.

Mwaka mzima wa kazi ya namna hiyo ulimpa mtu jicho. Alijua kushtuka akiona risiti iliyotolewa siku ya mapumziko, au ankara tatu za muuzaji mmoja, za miezi mitatu tofauti, zenye namba zinazofuatana kana kwamba muuzaji yule hana mteja mwingine duniani. Darasani mambo haya hutajwa kwa dakika chache. Yanakaa kichwani kwa mtu aliyeshika karatasi elfu moja.

Pigo la kwanza lilikuja na ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Mashirika yaliuzwa, yaligawanywa au yalifungwa. Benki ya Taifa ya Biashara yenyewe iligawanywa mwaka 1997. Wenye mali wapya walipopunguza watu, makarani walikuwa wa kwanza kuonyeshwa mlango, maana kila kitengo cha hesabu kilikuwa na wengi. Kilichoondoka hapo kilizidi mishahara. Shirika lililompeleka karani wake chuoni kwa gharama zake lilitoweka, na mrithi wake sekta binafsi hakuuona mzigo huo kuwa wake. Biashara nyingi zilizochipuka ni za mtu na familia yake, na mwenye duka hawezi kumsomesha mtu ambaye mwakani atahamia kwa jirani.

Pigo la pili lilikuja polepole, likiwa na faida nyingi. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilianza mwaka 1998, na kwa muda ikaongeza kazi za ukarani, kwa kuwa kila mwezi ilidai ritani. Kisha programu kama Tally na QuickBooks zikaingia madukani na maofisini. Miamala ya simu ikaanza mwaka 2008, mashine za EFD za kutoa risiti za kielektroniki mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2017 malipo kwa serikali yakahamia kwenye namba za malipo za mfumo wa GePG. Sioni sababu ya kuililia stakabadhi ya mkono. Anayekumbuka vitabu bandia vya stakabadhi vilivyozunguka kwenye masoko na stendi za mabasi anajua ni fedha kiasi gani za umma zilipotelea humo. Mifumo hii ilihitajika, na mingine ilichelewa.

Lakini tuone mfumo umefanya nini kwenye meza ya karani. Vocha ikishaingizwa kwenye Tally, leja inajijaza, urari unalingana wenyewe, na mizania inachomoza kwa kubonyeza kitufe. Kazi ya watu wanne inafanywa na mmoja. Huyo mmoja kazi yake si kujumlisha. Anaamua: gharama hii iingie akaunti ipi, malipo haya ni ya mwaka huu au yamelipwa mapema, huyu mdaiwa bado ana dalili za kulipa? Ni maamuzi ya mtu mwenye jicho lile. Hivyo kazi iliyobaki inadai ujuzi uliokuwa ukipatikana kwenye kazi iliyoondolewa, na hapo ndipo kijana anapokwama. Mwajiri anayeandika "uzoefu wa miaka miwili hadi mitatu" kwenye tangazo la msaidizi wa hesabu hana roho mbaya. Anatafuta kitu anachokihitaji kweli. Anasahau tu kwamba kilikuwa kinatengenezwa kwenye ofisi kama yake.

Vyuo navyo vimebadilika. Taasisi ya Uhasibu Tanzania pekee ina kampasi Dar es Salaam, Mbeya, Mtwara, Mwanza, Singida na Kigoma, na vyuo vikuu vingi vinatoa shahada ya uhasibu au biashara. Kwa hiyo astashahada imegeuka daraja la kuvukia kwenda stashahada, na stashahada daraja la kwenda shahada. Mwenye shahada aliyekaa nyumbani miaka miwili haoni aibu tena kuomba nafasi ya keshia, na mwajiri anayeweza kumpata kwa mshahara uleule wa mwenye cheti atamchukua. Ushauri ambao kila mzazi hupewa, kwamba mtoto aendelee tu kusoma, ni wa busara kwa familia moja. Familia zote zikiufuata, foleni inasogea juu na mlango unabaki uleule.

Mafunzo kwa vitendo, yale wanafunzi wanayoyaita fildi, yangeweza kuziba pengo. Mengi hayazibi, na sababu yake haizungumzwi sana. Katika mfumo wa kompyuta kila muamala unabeba jina la aliyeuingiza. Neno la siri la mhasibu ni saini yake, na akimpa mwanafunzi wa wiki nane halafu shilingi ikapotea, anayeitwa kujieleza ni yeye. Kwa hiyo mwanafunzi anapewa kutoa kopi, kupanga majalada na kupeleka barua benki, na anachojifunza kuhusu mfumo ni kile anachokiona akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mwenzake. Zamani mkubwa wa ofisi aliweza kumkabidhi mgeni kurasa mbili za daftari na kuzipitia jioni. Kosa lilionekana na kurekebishwa kwa wino mwekundu, na mgeni alijua alipokosea. Programu nyingi za uhasibu zinaruhusu kufungua akaunti ya mwanafunzi yenye mipaka, ambayo maingizo yake hayapiti mpaka mwenye mamlaka ayaidhinishe. Ni nadra kukuta ofisi iliyojisumbua kuifungua.

Baada ya kuhitimu huja kujitolea. Kijana anafika ofisini saa mbili asubuhi, anatoka jioni, anapewa nauli, na siku nyingine hata nauli haipo. Ikipatikana nafasi ya keshia kwenye kampuni ya mikopo midogo, anaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa, namba ya NIDA na wadhamini wawili wenye ajira au mali. Sharti la wadhamini lina mantiki yake, kwani fedha za watu zinaibwa kweli. Lakini mchanganyiko huu wa kujitolea na udhamini unachuja vijana kwa kigezo kisichohusiana kabisa na uhasibu. Aliyezaliwa Sinza, Dar es Salaam, anaweza kujitolea mwaka mzima akila na kulala kwao, na mjomba wake akamdhamini. Aliyetoka wilaya za mbali kama Namtumbo au Kakonko, hata kama alimshinda mwenzake darasani, akiba yake inaisha kabla mwezi wa pili haujakatika, anarudi kijijini au anaingia kwenye bodaboda. Gharama ya kumfundisha mhasibu mchanga, iliyobebwa zamani na shirika, sasa inabebwa na jamaa zake, na wasio na jamaa wa kuibeba wanaiacha fani.

Mahali pamoja bado panafundisha. Ni zile ofisi ndogo za uhasibu na ushauri wa kodi, zilizojibana ghorofani Kariakoo au pembezoni mwa soko Mwanza, zinazotunza vitabu vya wateja ambao hawawezi kuajiri mhasibu wao. Mteja analeta bahasha ya khaki yenye risiti za mwezi mzima. Kijana anaanza kwa kuzitoa kopi, kwa sababu risiti za EFD hufifia na mwaka ukiisha nyingi zimebaki karatasi nyeupe. Anazipanga kwa tarehe, anatenga zenye kodi ya kurejeshwa na zisizo nayo, na tarehe 20 ikikaribia, siku ya mwisho ya ritani ya VAT, hakuna anayetoka mapema. Ndani ya miezi sita atakuwa ameona hesabu za hoteli, za duka la vifaa vya ujenzi na za shule binafsi. Malipo ni madogo, na kuna upungufu mwingine ninaouona mkubwa zaidi: anajifunza kuandika hesabu kwa ajili ya TRA tu. Kumweleza mwenye biashara kwa nini fedha inaisha wakati mauzo yanapanda, hilo hafundishwi. Hata hivyo, kijana akiniomba ushauri leo, nitamwelekeza kwenye ofisi hizo kabla ya kumwambia atume maombi mengine hamsini mtandaoni.

Lipo pia jambo linalonifanya nikatae hoja kwamba ukarani umekufa kwa sababu kazi zenyewe zimekwisha. Kuanzia Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikitumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Zahanati nazo zikaanza kupokea fedha moja kwa moja, na mwaka 2017 ukaja mfumo wa FFARS wa kuandika mapato na matumizi ya vituo hivyo. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, iliwapa watu wa chini usemi juu ya fedha zao. Ila hesabu hizo zinaandikwa na nani? Vituo vya afya kadhaa vilipata wahasibu wasaidizi, lakini kwenye zahanati nyingi anayeandika ni mganga au muuguzi, na kwenye shule za msingi ni mwalimu mkuu. Mtu aliyesomea kuzalisha akina mama anajaza vocha jioni, baada ya wagonjwa kuondoka. Kila Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa bungeni, hoja zinajirudia: malipo yasiyo na viambatanisho, makusanyo ya mashine za POS ambayo hayakupelekwa benki. Ukisoma ripoti za COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, unakutana na ugonjwa huohuo, na vyama vingi vikipewa hati zisizoridhisha. Hizo ndizo kasoro ambazo karani mwenye jicho hukamata ndani ya wiki.

Msaidizi wa hesabu mmoja angetosha kwa kata nzima. Angepanga siku zake kati ya zahanati, shule za msingi na chama cha msingi cha ushirika, akisimamiwa na mweka hazina wa halmashauri, na miaka miwili ya kazi hiyo ingempa uzoefu ambao mwajiri yeyote angeuheshimu. Elimu ya astashahada inatosha kabisa kuianza. Kinachozuia ni ikama, yaani idadi ya watumishi inayoruhusiwa. Kibali cha kuajiri kinatoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na halmashauri ikipewa nafasi chache za kupendekeza itatanguliza walimu na wauguzi, kama ambavyo mimi ningefanya. Hesabu ambayo haijawekwa mezani wakati wa kupanga bajeti ni ya saa ambazo walimu na wauguzi haohao wanazitumia kwenye vocha. Saa hizo zinaweza kuhesabiwa kata kwa kata, na maofisa elimu na waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuzikusanya kabla maombi ya ikama ya mwaka ujao hayajatumwa Dodoma.