Dhahabu ya Ituri Hutokea Mlango wa Jirani

Uswisi haichimbi dhahabu ya kutajika, lakini viwanda vinne kati ya vile vikubwa kabisa duniani vya kusafishia madini hayo viko katika ardhi yake, vitatu katika jimbo la Ticino na kimoja katika jimbo la Neuchâtel. Nao mji wa Antwerp nchini Ubelgiji umeishi kwa karne nyingi kwa almasi ambayo haikutoka katika udongo wa nchi hiyo. Nchi ndogo kama hizo zilijenga sehemu ya mauzo yao ya nje, yaani bidhaa na huduma zinazouzwa ng'ambo, juu ya kazi za kupima, kusafisha, kuthibitisha na kulipa papo hapo. Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko kwenye ncha ya pili ya biashara hiyohiyo: udongo inao, ila kazi hizo kwa sehemu kubwa hukamilishwa kwingine.

Dhahabu ya Kilo, eneo la Ituri, iligunduliwa mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, ambayo baada ya uhuru ilitaifishwa na leo inaitwa SOKIMO. Shirika hilo la serikali lina haki nyingi za uchimbaji na mtaji haba, kwa hiyo mkakati wake umekuwa ubia, maana yake kutoa maeneo na kubaki na hisa huku mgeni akileta fedha na mitambo. Ubia wa aina hiyo ulizaa mgodi wa Kibali katika jimbo jirani la Haut-Uélé, ambao ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013 na ambamo kampuni za Barrick na AngloGold Ashanti zina asilimia 45 kila moja na SOKIMO asilimia 10. Mwaka huohuo, bei ya dhahabu ilipoporomoka, AngloGold Ashanti ilisimamisha mradi wake wa Mongbwalu, kaskazini-magharibi mwa Bunia. Vita vya makundi yenye silaha, vilivyosababisha Ituri kuwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, havikumrahisishia mwekezaji mwingine hesabu zake.

Kwa hiyo dhahabu nyingi ya Ituri hutolewa kwa sururu, koleo na pampu. Mchimbaji wa zana hizo, aitwaye kreseri, hufanya kazi chini ya mwenye shimo, ambaye machimboni huitwa PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu, hata kama kampuni yenyewe ni shimo moja na pampu ya kukodi. PDG hukopeshwa chakula, mafuta na vifaa na negosia, mfanyabiashara wa kati, na deni hulipwa kwa dhahabu, hivyo kabla chembe ya kwanza haijaoshwa mnunuzi wake amekwisha kujulikana. Mizani ya machimboni ni ya sahani mbili, ambapo vijiti vya kiberiti au sarafu za zamani hushika nafasi ya mawe ya uzani. Mjini dhahabu hupimwa upya kwa mizani ya umeme, na tofauti ya vipimo hivyo viwili haimwumizi negosia. Sheria inataka iuzwe kwa kontwari, yaani nyumba ya ununuzi yenye leseni ya kusafirisha nje, na ithibitishwe na CEEC, ofisi ya serikali inayokadiria thamani ya madini. Kiasi kikubwa hakifiki huko, bali huvuka mpaka hadi Uganda.

Sababu inayotajwa kwanza ni kodi, nayo ina uzito, kwa kuwa dhahabu hubebeka mfukoni na faida ya kila gramu ni nyembamba. Uganda, yenye migodi michache, iliona dhahabu ikiipita kahawa katika mauzo yake ya nje baada ya kiwanda kikubwa cha kusafishia kufunguliwa Entebbe. Lakini ilipoanza Julai 2021 kutoza asilimia 5 ya thamani ya dhahabu iliyosafishwa, mauzo rasmi yalisimama kwa miezi kadhaa, na mwaka 2023 tozo ikageuzwa kuwa dola 200 kwa kilo. Kongo ilipata somo hilohilo kwa upande wa pili: Primera Gold, iliyoundwa na serikali pamoja na wawekezaji wa Falme za Kiarabu mwishoni mwa 2022 na kupewa nafuu ya kodi, ilisafirisha mwaka 2023 zaidi ya tani 5 kutoka Bukavu, ambako awali mauzo rasmi yalihesabiwa kwa kilo.

Hata hivyo kodi haielezi yote. Mabati, saruji, vitenge na pikipiki zinazouzwa Bunia hupitia Mahagi, mpakani na Uganda, au Ziwa Albert, na mwenye duka huhitaji dola zake Kampala au Dubai, si Kinshasa. Dhahabu ndiyo fedha yake ya kigeni, na kwa kuwa faida anaitafuta katika mabati, yuko tayari kuinunua kwa bei inayokaribia ile ya soko la dunia. Kontwari inayonunua dhahabu ili iuze dhahabu tu haiwezi kumshinda kwa bei, hata ikisamehewa kodi yote. Kinachoweza kumbadilisha mwenye duka huyo ni benki ya Bunia itakayomlipa muuzaji wa Kampala kwa niaba yake, kwa ada isiyozidi gharama ya kumpa msafiri pochi ya dhahabu.